Watoto Wote wa Wasike

Basi lilikuwa limeipita Njoro wakati Wasike alipomweleza mama aliyeketi kando yake kwamba anampeleka binti yake kujiunga na chuo cha mapishi mjini Nakuru, ila sindano ya chanjo wanayodai huko chuoni hatadungwa.

"Lakini mzee, hao wanafunzi watapikia watu," mama akasema. "Bila chanjo ya taifodi hawamchukui."

"Basi tutarudi nyumbani Elburgon. Kanisa letu halikubali. Watoto wangu wote hakuna hata mmoja amewahi kuchanjwa, na Mungu amewalinda."

Edinah, aliyekaa kiti cha mbele, aligeuka kumsihi babake, mkono wa kushoto ukiegemea kiti. Yule mama akaona kovu dogo la mviringo kwenye kigasha chake.

"Na hii alama ni ya nini?"

"Hiyo aliungua na uji akiwa mtoto. Mama yake ndiye aliniambia."

"Na wale wengine? Wao pia waliungua hapo hapo?"

Akilini Wasike aliwaona wanawe wakinawa kabla ya kula, kila mmoja na kovu lile lile, mahali pale pale. Miaka yote hiyo alimgombeza mkewe kwa kuacha uji wa moto karibu na watoto, na mkewe hakuwahi kujitetea.

"Ulijua?" akamuuliza Edinah kwa sauti ndogo.

"Sote tulijua, baba. Mama alitupeleka kuchanjwa tukiwa wachanga, akatuomba tusiseme."

Basi likasimama kwenye lango la chuo. Edinah alichukua sanduku lake akashuka.

"Mzee, hushuki?" dereva akauliza.

Wasike alimsikia vizuri, ila alibaki kitini akimtazama Edinah akiingia langoni.