Pakiti ya Lita Moja

Benchi letu liko kati ya duka la kinyozi na karakana ya baiskeli, na kahawa ikishamiminwa hakuna jambo tusilolijua. Asubuhi hiyo Kinyozi hakufungua duka. Alikuja na chupa ya nusu lita, maji ya dawa yamebaki humo kidogo, uso umemshuka. Mwanawe wa miezi tisa alikuwa ameharisha usiku kucha. Kinyozi alipewa zahanati pakiti ya chumvi na sukari ya kumrudishia mtoto maji mwilini, akaichanganya, lakini mtoto kila akinywa kiu inazidi, na analia bila machozi.

Mwalimu Moli, aliyefundisha kemia mpaka akastaafu, akauliza pakiti ilitaka maji kiasi gani.

— Lita moja. Mimi nikajaza chupa hii tu. Rangi ya nywele ukiipunguzia maji ndiyo inashika, nikasema na dawa itashika.

Kisha, Mungu atusamehe, tukaanza ubishi. Spoku, fundi baiskeli, akashauri ichujwe kwa kitambaa. Moli akasema chumvi iliyoyeyuka haichujiki. Basi ichemshwe, Spoku akasema, chumvi itoke na mvuke; Moli akasema kinachotoka ni maji, chumvi hubaki. Nami sikukubali kupitwa, nikasema imwagwe nusu, chumvi itapungua nusu. Moli akatikisa kichwa: ukimwaga, na maji yamekwenda, mkolezo, yaani ukali wa chumvi, ni ule ule. Akatoa kipande cha chaki mfukoni, akaandika kwenye ubao wa benchi taratibu kama yuko darasani.

— Chumvi ya mezani kwenye pakiti ni gramu mbili nukta sita. Gawa kwa nusu lita. Unapata gramu tano nukta mbili kwa kila lita.

— Ndiyo kusema nini, mwalimu? Kinyozi akauliza.

— Mara mbili ya inavyotakiwa, baba. Hiyo inamkausha badala ya kumrudishia maji.

Kinyozi akakaa chini. Spoku bado alitaka kujua kama sukari nayo inahesabiwa, na Moli, kwa mazoea ya kazi, akaanza mstari wa pili. Nyuma yetu alisimama mama mmoja aliyekuja kununua kahawa. Alikuwa amesikiliza yote.

— Na sasa hivi huko nyumbani mtoto anakunywa nini?

Hakuna kati yetu aliyekuwa ameuliza. Tukamgeukia Kinyozi.

— Nilimwachia mama yake kikombe kizima cha dawa hii hii. Nikamwambia amnyweshe, asiache.

Alisema hayo akiwa tayari anakimbia.