Mama Anisia Nyamizi na Vijana wa Kompyuta Kubwa

Baba paroko, viongozi na majirani wa Ngokolo, familia imenituma mimi Januari niwasomee maisha ya dada yangu, Anisia Nyamizi, Mama Justa, aliyezaliwa Kishapu tarehe 12 Machi 1936, mtoto wa tatu wa mzee Maige, mkulima wa pamba.

Alianza shule mwaka 1945, akahitimu ualimu mwaka 1956, akafundisha hesabu hapa Shinyanga hadi mwaka 1964, alipoajiriwa kuwa karani wa takwimu katika kituo cha utafiti wa pamba. Tarehe 9 Julai 1960 alifunga ndoa Ushirombo na Otmar Mihayo, fundi wa mitambo mgodini Geita, wakajaliwa watoto wawili, Justa na Tarsisi.

Mwaka 1984 watafiti vijana wa kituo walitumia miezi saba kujumlisha kwa mkono vipimo vya mvua vya miaka ishirini, majibu yakatoka wakulima wakiwa wameshapanda, miche ikakauka, hata katika shamba la baba yetu, na jambo hilo lilimkosesha dada raha. Aliposikia kwamba kompyuta kubwa ya chuo kikuu Dar es Salaam ingemaliza hesabu hizo kwa asubuhi moja, aliwaomba wakuu wa kituo wapeleke vijana wanane kujifunza kuitumia kwa wiki sita wakati wa likizo ndefu, akajibiwa kwamba fedha hazipo.

Basi akawaendea wakulima wenyewe, kwenye mkutano wao Mhunze, tarehe 15 Juni 1985, wakati wa mavuno, na mzee Ngassa aliposimama akauliza, "Mama Justa, hiyo mashine itatupalilia?", dada akamjibu, "Haitapalilia, baba, ila itatuambia tupande lini." Watu walicheka, lakini mzee Ngassa hakucheka, akatoa gunia la pamba, wengine wakamfuata, hata nauli, chakula na ada vikatimia, na siku vijana walipopanda treni dada alisimama stesheni akilia na kucheka kwa pamoja.

Walirudi Septemba, wakatangaza tarehe za kupanda kabla ya mvua, na msimu huo Kishapu ilivuna vizuri; tangu hapo wakulima wamepeleka vijana kila mwaka, na kiongozi wa mafunzo sasa ni Salvina, binti aliyekuwa katika kundi lile la kwanza.

Dada aliugua figo kuanzia Agosti 1988, akatibiwa kwa muda mrefu, akafariki tarehe 4 Oktoba 1989, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Justa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotupikia na kutuchotea maji, pamoja na wenzake wa kituoni, nao wakulima wa Mhunze wametuma salamu kwamba Julai ijayo watapeleka vijana kumi na wawili.

Dada Anisia, pumzika kwa amani, vijana watasafiri.