Historia ya Rahab Nyaguthii, Mpishi wa Faza, na Neno "Alihitimu"

Shilingi elfu kumi na nane na mia sita haziwezi kumfunga mtu ambaye Mungu amekwisha kumfungua, hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema jana saa tano mchana katika ofisi ya chuo hiki cha Lamu tulichoketi uwanjani mwake, nikisema kwa sauti ambayo wengi wenu mliisikia mkiwa nje, naye Bwana Ubaid, msajili wa chuo, akinijibu kwa upole, jambo lililozidi kunichoma, kwamba dada yangu ana salio la karo, mwenye salio hapewi cheti, na asiyepewa cheti hajahitimu. Kamati ya mazishi ilinishauri niandike tu "alihitimu" na mambo yaishe, kwani nani atauliza, nikawajibu kwamba nitauliza mimi, kwa sababu siwezi kusimama mbele ya jeneza la dada yangu nikasoma neno ambalo ofisi ya hapo nyuma inalikana. Kwa hiyo mkifika kwenye elimu mtakuta nafasi tupu, na nimewaeleza mapema ili asitokee wa kudhani nimesahau.

Nawasalimu nyote, mchungaji, mashehe na majirani mliovuka kutoka Faza, walimu na wanafunzi. Mimi ni Douglas Gathogo, kaka yake marehemu, fundi wa pikipiki Mpeketoni, ufundi niliojifunza kwa kufungua na kufunga, na historia hii nimeiandika kwa mkono wangu.

Marehemu Rahab Nyaguthii alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Mpeketoni, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mzee Gathogo na Mama Wamuyu, ambaye mnamwona hapa mbele, mimi nikiwa wa kwanza, na waliotujua wanajua kwamba tulianza kubishana kabla hajamaliza kuota meno. Alisoma shule ya msingi ya kijijini kwetu kuanzia mwaka 1986 hadi 1993, kisha sekondari kuanzia 1994 hadi 1997, akapata alama ambazo aliniagiza nisizitaje popote, nami sizitaji. Elimu yake ya chuo, hapa nimeacha nafasi.

Mwaka 1999 alivuka kwenda Faza kumsaidia shangazi yetu katika hoteli ndogo, na tarehe 6 Mei 2002 akaajiriwa kuwa mpishi katika shule ya bweni ya hapo, akapanda hadi kuwa mpishi mkuu mwezi Januari 2011, cheo alichokishika mpaka ugonjwa ulipomtoa jikoni. Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa kanisani Mpeketoni na Jabez Wafula, aliyekuwa karani katika ofisi ya serikali Faza, wakajaliwa watoto wawili, Owen aliyezaliwa mwaka 2006 na Mourine aliyezaliwa 2009, na Faza nzima ikamwita Mama Owen. Mume wake alitutangulia tarehe 2 Agosti 2017, na tangu hapo aliwalea watoto peke yake, akikataa pesa zangu na kuzikubali zikija kwa jina la mama.

Mwaka 2023 shule iliagizwa kwamba mpishi mkuu awe na cheti, naye akajiandikisha katika chuo hiki, kozi ya upishi na usimamizi wa jikoni, akisoma wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Masomo ya jikoni hayakumsumbua, lililomsumbua ni somo la uandishi wa insha na hoja, ambalo hapa kila mtu lazima alipite, awe mpishi, awe karani, awe fundi wa umeme. Nilimpigia simu nikamuuliza mpishi anabishana na nani, anabishana na sufuria? Akaniambia, "Nabishana na wewe tangu nizaliwe, Douglas, na sijawahi kupewa hata alama moja."

Insha yake ilihusu jabia la shule, yaani lile birika kubwa la kukinga maji ya mvua, ambalo wakati wa kiangazi yeye alitaka lifungwe kwa kufuli ili jiko lisikaukiwe, na jirani wa shule, Bi Saadiya, ambaye yuko hapa, alitaka liachwe wazi kwa mtaa mzima, na tangu kufuli lilipotiwa wawili hawa hawakuwa wakisalimiana. Alinisomea insha ile kwa simu, nikaiona nzuri kupindukia, kwa kuwa ilikuwa na hasira yangu yote ndani yake. Mwalimu wake, Bi Shifaa, akairudisha na maneno haya, kwamba umenishawishi kuwa umekasirika, hujanishawishi zaidi ya hapo. Akaiandika tena, akaanguka tena.

Bi Shifaa ana sharti moja ambalo wanafunzi mnalijua na mnalilalamikia, kwamba kabla ya kumjibu mpinzani wako uyaandike maneno yake, uende ukamsomee mwenyewe, na usiendelee mpaka akubali kwamba hivyo ndivyo asemavyo. Marehemu alikaa na sharti hilo likizo nzima bila kulitimiza, kwani kulitimiza kulikuwa kubisha hodi kwa Bi Saadiya, na damu yetu sisi haibishi hodi upesi. Mwishowe alikwenda, akasomea uani, na Bi Saadiya akamkata kabla hajafika nusu, "Si mimi huyo, huyo ni mwivi wa mai uliyemtunga kitwani mwako," yaani mwizi wa maji wa kubuniwa kichwani. Akarudi mara ya pili, akaambiwa afadhali, lakini bado anaandika kama mwenye funguo. Mara ya tatu aliandika juu ya mama anayeamka na ndoo moja kwa nyumba ya watu tisa, akipita mbele ya maji ambayo mume wake na baba yake ndio waliobeba mawe ya kuyajengea, na Bi Saadiya alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapo sawa. Wanitetea kunishinda mwenyewe, sasa utanijibu nini, Mama Owen?"

Marehemu aliniambia kwamba aliletewa kahawa ya tangawizi, akainywa hana jibu, na alipofika nyumbani ndipo akaandika mwisho wa insha, kwamba kufuli libaki asubuhi mpaka jiko limalize kuteka, kuanzia alasiri jabia liwe wazi kwa mtaa, na ufunguo ulale kwa Bi Saadiya. Mimi nilimkaripia, nikamwambia umeshindwa, akacheka sana, akasema hiyo ndiyo insha ya kwanza aliyoimaliza bila kuumwa na kichwa. Aliikabidhi Desemba 2024, mwezi uliofuata mkuu wa shule akauchukua mpango huo kama ulivyo, na mpaka leo ufunguo uko kwa Bi Saadiya.

Mwezi huohuo wa Januari mwaka huu alianza kulalamika tumbo, akatibiwa Faza, akaletwa Lamu, na tarehe 20 Februari huko Mombasa ikajulikana ni saratani ya tumbo, nayo imekwisha kwenda mbali. Karo ya likizo ya mwisho, ambayo ndiyo hiyo elfu kumi na nane na mia sita, iligeuka dawa, na yeyote anayeona tulikosea aniambie usoni. Alirudishwa hospitali ya hapa Lamu tarehe 3 Mei, na tarehe 27 Bi Shifaa aliingia wodini na matokeo, akamwambia amepita somo la hoja kwa alama sitini na moja, naye akasema, "Sitini zanitosha, hiyo moja mpeni Saadiya." Tulicheka wodi nzima, hata muuguzi. Kwa siku chache baada ya hapo alikula uji akaumaliza, na alfajiri ya Jumatano tarehe 11 Juni 2025 akalala usingizi mtulivu bila maumivu, baada ya miezi ya maumivu, akatutoka. Nimelia, sikatai, lakini nawaambia ukweli kwamba nilipomwona ametulia vile kifua changu kililegea, nikamshukuru Mungu.

Sasa nirudi ofisini jana. Nilikuwa nimefika pa kupiga meza wakati Bi Saadiya, aliyekuwa ameshuka botini muda mfupi tu, aliposimama mlangoni na kusema, "Bwana Douglas, dadako hakufundishwa hivyo." Nilitaka kumwambia haya hayamhusu, nikakumbuka yanamhusu kuliko yanavyonihusu mimi, nikaketi. Nikaanza na maneno ya Bwana Ubaid. Nikasema kwamba walimu wa hapa hulipwa kwa karo, kwamba akimpa cheti mmoja kwa sababu amefariki, kesho atakuja aliyefiwa na baba, kesho kutwa aliyeunguliwa na nyumba, naye hana mizani ya kupimia misiba ya watu, na kwamba sharti hakulitunga yeye lakini atakayeulizwa ni yeye. Bwana Ubaid alivua miwani, akasema, "Ndivyo hasa, hata mimi nisingalisema vizuri hivyo. Haya, nijibu." Hasira zilikuwa zimenitoka, nikabaki mtupu kama dada yangu na kahawa yake.

Aliyenipa ndia, kama wenyewe waiitavyo njia, ni Bi Saadiya. Alisema, "Kwetu maiti hendi kaburini na deni. Kabla hajaswaliwa mtu wake husimama mbele ya watu, akasema amdaiye huyu anidai mimi, na deni likahamia kwake papo hapo." Nikamgeukia msajili, nikamuuliza, mimi nikisimama kesho uwanjani nikasema hivyo, Nyaguthii atakuwa na salio? Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo, akasema, "Hatakuwa nalo. Litakuwa lako, nawe si mwanafunzi wangu, sina cheti chako cha kuzuia. Lakini uliseme mbele ya watu, nami nitakuja nacho kwenye bahasha." Tulishikana mikono, nikatoka nikanywa chai, na usiku nililala mpaka asubuhi, jambo ambalo sikuwa nimelipata tangu Februari.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Faza, Lamu na Mombasa, ambao hawakutudanganya hata siku moja, majirani wa Faza mliowatazama Owen na Mourine kana kwamba ni wenu, wapishi wenzake mliokuja wodini na uji uliopikwa anavyoutaka yeye, kwa kuwa wa hospitali aliusahihisha kila siku, Bi Shifaa kwa kumwangusha mara mbili na kumwinua ya tatu, na Bi Saadiya, ambaye sina la kumwambia isipokuwa kwamba ile alama moja ni yake.

Nyaguthii, dada yangu, umebishana vya kutosha, umetulia, nasi tumetulia kwa ajili yako, lala ulale vyema.

Na sasa, mbele ya mama yetu, mbele ya mchungaji na mashehe na mbele yenu nyote, mimi Douglas Gathogo nasema kwamba yeyote aliyekuwa akimdai Rahab Nyaguthii, kuanzia saa hii ananidai mimi, karakana yangu iko Mpeketoni karibu na soko, haifungwi ila Jumapili, na chuo hiki nitakilipa chote kabla ya Julai kwisha. Ile nafasi tupu katika elimu naijaza hivi, kwamba alisoma katika chuo hiki kuanzia Aprili 2023 hadi Desemba 2024, akahitimu.

Bwana Ubaid, nakuona na bahasha yako. Nipe cheti cha dada yangu.