Maziwa ya Nyumba ya Sebagenzi: Maisha ya Mama Béatrice Uwamahirwe (1958–2024)

Tarehe 14 Machi 1958, katika kijiji cha Kagogo, kwenye nyanda za juu zinazoitazama Lemera, mfugaji Sebagenzi alipata mtoto wake wa kwanza, akamwita Uwamahirwe, yaani mwenye bahati. Kanisani alipewa jina la Béatrice. Bahati hiyo aliifaidi peke yake kwa miaka miwili tu. Kisha akazaliwa mdogo wake, Domitille.

Waliokua nao walisimulia kwamba wasichana hao walinywa maziwa kwa zamu kutoka kibuyu kimoja, na kwamba Béatrice hakuliondolea macho koo la mdogo wake. Mama yao alipomkemea, alijibu: "Sina wivu, mama. Niko naangalia tu." Kijiji kizima kilimtania kwa neno hilo hadi alipoolewa.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari huko Lemera, akilala kwa jamaa za kanisa. Mwaka 1977 alipata diploma ya ualimu na kupangiwa kufundisha Luvungi. Domitille alibaki milimani na ng'ombe. Watu walimsifu mwalimu. Mwalimu mwenyewe aliuliza ni nani sasa aliyekalia kigoda kando ya mama.

Luvungi ndiko alikofahamiana na Sylvestre, mvuvi wa Uvira, aliyeleta sokoni ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani. Walifunga ndoa tarehe 4 Agosti 1979, wakaishi Mulongwe, Uvira.

Miongoni mwa wafugaji wa zamani, aliyekula samaki hakupewa maziwa, kwa hofu kwamba ng'ombe wangekauka. Hakuna Andiko linaloagiza hivyo, wala mzee Sebagenzi, aliyekuwa shemasi, hakuwahi kulionyesha. Hata hivyo, mwaka 1981 Béatrice alipopanda mlima na mtoto wake wa kwanza, Apolline, mgongoni, baba yake alimpokea kwa maombi, akambariki mtoto, kisha akaagiza binti yake aletewe chai ya rangi. Kibuyu alipewa Domitille.

"Sikuchukii, binti yangu," mzee alisema. "Naogopea ng'ombe."

"Ng'ombe ndiye alikuambia, baba?"

Domitille alikunywa polepole, akafuta midomo. "Maziwa ya leo iko tamu sana, dada. Pole."

Wapo walioomba sehemu hii isisomwe mbele ya wageni. Inasomwa, kwa sababu marehemu aliibeba kifuani kwa zaidi ya miaka arobaini, na hakuna aliyewahi kumwomba aitue.

Alifundisha Uvira hadi mwaka 2016. Wanafunzi wake walitawanyika maofisini, sokoni na mpakani, na wengi walijua kuhesabu kwa sababu hakuwapa njia nyingine. Alimpenda mume wake, na sifa za samaki aina ya mukeke wa kuchoma alizitamka hadharani. Lakini kila aliyeshuka kutoka milimani aliulizwa kabla hajaketi: "Domitille iko anakunywa bado?" Maziwa ya unga hayakuingia nyumbani kwake. Aliyaita chokaa.

Mwaka 2022 alianza kuugua moyo, na kufikia Mei 2024 hakuweza tena kuondoka kitandani. Habari zilimfikia Domitille, ambaye vita vilikuwa vimemwachia ng'ombe mmoja tu. Alishuka kwa miguu hadi Lemera, akachukua pikipiki kupitia Luvungi hadi Uvira, kibuyu cha maziwa ya mgando kikiwa kimefungwa kifuani kwa kitenge.

"Kunywa, dada."

"Na ng'ombe yako akikauka?"

"Akauke."

Béatrice aligeukia ukuta. "Hapana. Utarudi kwetu useme ulinipa sababu niko nakufa. Kula kwanza." Akaonyesha sahani ya ndagala iliyoandaliwa kwa chakula cha mchana.

Domitille hakuwa amegusa samaki maisha yake yote. Alichukua ndagala mmoja, akafumba macho, akatafuna.

"Na kichwa," dada yake alisema.

Akala na kichwa. Ndipo Béatrice alipokipokea kibuyu, akanywa hadi akapaliwa. Apolline aliponyoosha mkono ili aonje, mama yake alikihamishia kibuyu upande wa pili. "Weye utatafuta ya kwako."

Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 9 Juni 2024, akiwa na miaka sitini na sita.

Ameacha mume wake, Sylvestre, watoto watatu, Apolline, Bienvenu na Naomie, wajukuu saba, na mdogo wake, Domitille, aliyetamka jana mbele ya wazee wa ukoo kwamba watoto na wajukuu hawa wakipanda mlima watapewa maziwa kabla ya kuulizwa walikula nini.

Pumzika, Mama Béatrice. Amani ya Bwana ikutoshe, na huko asipatikane wa kumwonea wivu.