Mama Friji Anakabidhi Ufunguo

Ijumaa hii, tarehe 28, muuguzi mkuu wa Kliniki ya Ngozi na Viungo anastaafu baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi. Mgeni akimtafuta kwa cheo chake atazungushwa korido nzima. Akimuulizia Mama Friji, ataonyeshwa chumba namba saba na mtu wa kwanza atakayekutana naye.

Alipoajiriwa, friji yenyewe haikuwepo. Kulikuwa na kabati la makopo ya mafuta ya lami ya kupaka ngozi, mabeseni mawili, na benchi ambalo watu walilikwepa wakidhani soriasisi, ugonjwa wa ngozi yenye magamba, inaambukiza. Haiambukizi. Ni kinga ya mwili inayokosea kumtambua adui na kuishambulia ngozi ya mwenyewe, na kwa baadhi ya watu inaingia hadi kwenye viungo. Mama Friji hakutoa hotuba juu ya hilo. Alikwenda kukaa kwenye benchi lilelile, katikati ya wagonjwa, akanywa chai yake hapo kila saa nne asubuhi. Baada ya miezi michache tukalazimika kuomba benchi la pili.

Kuna salamu yake pia. Humpa kila mgonjwa mkono na kuushikilia muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akibonyeza vifundo vya vidole kimoja kimoja huku akiuliza habari za nyumbani. Akiuachia, keshajua viungo vingapi vimevimba, na daktari anabaki kuthibitisha. Akiona kucha zenye vishimo vidogovidogo, ambavyo ni dalili kwamba ugonjwa unaelekea viungoni, anauliza habari za visigino na mgongo. Hata mkwe wake, siku aliyoletwa kutambulishwa, alikaguliwa vidole kabla ya kukaribishwa kiti. Alifaulu.

Zilipokuja sindano mpya, zile zinazoziba njia moja tu ya kinga inayochochea uvimbe, tofauti na vidonge vya zamani vilivyoikandamiza kwa upana, yeye ndiye aliyepelekwa mafunzoni. Alirudi na sheria mbili. Hachomwi mtu kabla ya kupimwa kifua kikuu, maana dawa hizi zinaweza kuuamsha ugonjwa uliolala. Na friji ya kuzitunzia isishuke chini ya nyuzi mbili wala kuzidi nane, kwa sababu dawa ikipata joto inaharibika, na ikiganda ndiyo basi. Alisoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari. Siku moja soda ya daktari mkuu ilikutwa humo. Hatujui ilikoishia, na daktari hakuthubutu kuuliza.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimempamba tu, naye hapendi kupambwa.

Miaka tisa iliyopita tulikuwa na mgonjwa, fundi cherehani, aliyevimba vidole hadi kutunga uzi kukawa kazi ya binti yake. Alikuwa amesubiri sindano miezi miwili. Shemeji yake alishapita dukani kwake kuiangalia cherehani, na walikuwa wamekubaliana: vidole visipoanza kukunjika ifikapo mwisho wa mwezi unaofuata, mashine inahamia kwa shemeji na fundi anaacha kazi. Dawa yake ikafika. Mama Friji, kwa kuhofia isipate joto la mlangoni, aliisukuma hadi nyuma kabisa ya rafu. Huko nyuma kulikuwa na ukuta wa barafu. Asubuhi aliikuta imegandia ukutani.

Kufikia saa tatu ilikuwa imeyeyuka, safi kama maji. Mwandishi wa mistari hii, ambaye ni mfamasia, aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha akasema haina kasoro yoyote, na mgonjwa yuko nje anasubiri. Naona haya kuyaandika, lakini ndivyo nilivyosema. Mama Friji aliichukua mkononi mwangu, akaitia kwenye boksi la taka zenye ncha kali, akatoka kwenda kumwambia fundi kwamba dawa yake ameiharibu yeye mwenyewe. Akamweleza kuwa angemchoma ile, angepoteza miezi mingine akidhani dawa imemkataa.

Fundi aliondoka bila kuaga.

Bohari ya dawa ilisema nyingine itapatikana baada ya wiki sita. Mama Friji akaomba likizo, akaenda kukaa kwenye benchi la bohari siku nne mfululizo na kisanduku cha barafu mapajani, hadi wakachoka kumwona, wakampa nyingine. Siku ya kumi na moja alimpigia fundi simu. Alikuja. Mkono aliutoa kwa shida, na si kwa sababu ya maumivu peke yake.

Mwisho wa muda waliokubaliana, vidole viwili vilikuwa vimeanza kukunjika. Fundi akamwonyesha shemeji hivyo viwili, akaongezewa mwezi. Katika mwezi wa nne wa sindano alitunga uzi mwenyewe. Sindano hizi haziondoi ugonjwa moja kwa moja, na wapo ambao haziwasaidii, lakini cherehani ile haijahama hadi leo.

Kwenye daftari la friji, ukurasa wa siku ile, kuna mwandiko wake: Nimegandisha dawa ya mgonjwa. Kosa ni langu. Kila muuguzi mpya huanza kazi kwa kuusoma ukurasa huo. Mimi huurudia bila kuambiwa.

Gauni atakalovaa Ijumaa limeshonwa na fundi yuleyule, na matundu ya vifungo ameyashona kwa mkono. Alipokuja kulileta, alimwomba tu asilitunze kwenye friji.

Ahsante kwa kila mkono ulioushika. Sisi sote wa chumba namba saba tunakuombea afya, usingizi mrefu na wajukuu wasumbufu. Ufunguo wa friji ninao tayari, na leo asubuhi kipimajoto nimekisoma mimi: nyuzi nne, na hakuna kilichogusa ukuta. Pumzika, dada.