Gia Moja Anataka Chipu

Benchi letu liko kati ya milango miwili: wa kwangu mimi, Soli, ninayeshona viatu, na wa Kipara, kinyozi ambaye kichwani hana hata unywele mmoja lakini watu bado wanamkabidhi vichwa vyao. Asubuhi, kabla wateja hawajakumbuka kwamba wana miguu na nywele, Shangazi anatua na birika lake la kahawa, na benchi linajaa. Shangazi si shangazi wa mtu yeyote kati yetu, ila anatukaripia vizuri kiasi kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza jina. Pembeni, penye kivuli, hukaa Kwa Mfano, mwalimu mstaafu, ambaye tangu aache chaki hajui kuanza sentensi kwa neno lingine. Siku hiyo sote tulikaa isipokuwa Gia Moja. Yeye hubeba vitu vya watu wanaohama, kwa pikapu ile iliyoegeshwa mbele yetu, na jina alilipata kwa namna inavyopanda Kilima cha Tangi: gia ya kwanza kutoka chini mpaka juu, kama mtu mwenye mafua anayepanda ngazi.

— Nataka kuweka chipu, akasema Gia Moja.

Kipara alikuwa anapuliza kahawa. Akaacha.

— Chipsi?

— Chipu, Kipara. Kitu kidogo, kama ukucha. Kuna fundi mpitanjia, anaondoka leo. Anakichomeka kwenye kompyuta ya gari, gari linapata nguvu.

— Kumbe gari lako lina kompyuta. Na wewe simu tu inakushinda.

— Ndiyo maana gari linanibeba mimi, si mimi ninayelibeba. Fundi atanipigia saa nne, anataka jibu moja: ndiyo au hapana. Nimekuja mnisaidie.

Shangazi akammiminia kikombe na kumwamuru akae. Hakukaa.

— Nguvu za nini tena, mwanangu? akauliza Shangazi. Si umebeba miaka yote hiyo na watu wamehama?

— Jumamosi nampeleka binti yangu, akasema Gia Moja, na hapo sauti ikashuka. Yule wa mwisho. Nyumba yao imekwisha kujengwa, kule juu kwenye tangi, ukuta kwa ukuta na wakwe. Vitu vyake vyote viko kwangu. Kitanda, friji, kabati la milango mitatu, cherehani. Sitaki mtu mwingine avibebe. Na sitaki hili gari linizimikie mbele ya mkwe wangu mara ya pili.

Mara ya kwanza sote tunaijua, kwa sababu Gia Moja ametusimulia mwenyewe kama mtu anayekiri. Mwezi uliopita alikuwa amebeba makochi ya mteja, pikapu ikakata roho katikati ya kilima, mbele ya lango la baba mkwe wa binti yake. Mkwe alikuwa barazani na chai yake. Akaweka kikombe chini, akatoka na shati jeupe, akasukuma. Pikapu ilipoamka ilitema moshi wa miaka kumi na minane. Shati lilirudi ndani jeusi. Mkwe alisema "hamna neno", na tangu siku hiyo Gia Moja hapati usingizi, maana mtu akikukasirikia unamwomba radhi yanaisha, lakini aliyekwambia hamna neno utamfanya nini?

— Fundi anasema nini hasa? nikauliza, huku natafuta uzi wangu chini ya benchi.

— Anasema nikiweka chipu, gari litapanda kilima kama linateremka.

Kipara akalifikiria.

— Na likiteremka je?

— Likiteremka nini?

— Kama kupanda litapanda kama linateremka, kuteremka litateremka kama nini? Kama linaanguka?

— Kuteremka hakuhusiki, Kipara.

— Hakuhusiki wewe ukiwa juu. Mimi duka langu liko chini.

Kwa Mfano akakohoa, na sote tukajipanga, maana akikohoa ujue kipindi kimeanza.

— Kwa mfano, akasema, chukueni mwanafunzi. Mvivu, lakini si mjinga. Injini ya bwana huyu ndiyo mwanafunzi huyo. Chipu ni mwalimu wa jioni, wa kumkazania. Nyumbani analala, kwa mwalimu anaamka.

— Kwa hiyo unaunga mkono, ticha? akauliza Gia Moja, na akakaa kidogo, kwenye ncha ya benchi.

— Sijamaliza. Mwalimu huyo katoka wapi? Nchi za mbali. Kilima cha Tangi hajawahi kukiona. Atafundisha barabara za kwao. Wewe unakata kushoto, gari linasema hapana, kwetu hapa ni kulia.

Gia Moja akasimama tena.

— Mimi naijua chipu, akasema Kipara kwa sauti ya mtu aliyekuwapo chipu ilipozaliwa. Chipu ni laini, kama laini ya simu. Inasajiliwa. Gari lako litakuwa na namba. Siku moja uko kwenye foleni, unasikia linaita chini ya boneti.

— Nani atapigia gari?

— Magari mengine.

— Yaongee nini?

— Yakusengenye wewe. Unafikiri breki zako hazijui unavyozikanyaga?

Shangazi alicheka mpaka birika likacheka naye, kahawa ikamwagika kwenye kiatu cha mteja nilichokuwa nimekishika. Nikakifuta haraka. Kilikuwa cha kahawia, hasara haikuonekana.

— Soli, wewe mbona umenyamaza? akauliza Gia Moja. Wewe ni fundi.

— Fundi viatu.

— Fundi ni fundi.

Nikaona heshima hiyo isipotee bure. Nikamweleza ninavyoona kazi yangu. Mtu analeta kiatu cha zamani, ngozi imekwisha, anataka soli mpya, nene, ya kupanda milima. Ninamwekea. Siku ya kwanza anatembea kama mkuu wa majeshi. Siku ya pili soli inatangulia, ngozi inabaki nyuma, na mguu uko kati hapo haujui umfuate nani.

— Sasa pikapu yako, nikasema, injini itapata nguvu, lakini bodi ni ile ile. Utakanyaga mafuta pale chini ya kilima, injini itafika kwa mkwe wako. Wewe utabaki umekaa barabarani na usukani mkononi.

— Na kabati, akaongeza Shangazi.

— Na kabati mgongoni.

Gia Moja alikwenda akaipapasa pikapu kwenye tairi la mbele, kama mtu anayeangalia kama mtoto ana homa. Kipara alipoona anaumia, badala ya kumhurumia akasogea karibu.

— Na hujauliza hiyo chipu imetoka gari gani.

— Ni mpya.

— Hakuna chipu mpya. Hizo zinang'olewa huku zinapachikwa kule. Na chipu haisahau. Tuseme yako imetoka kwenye gari la wagonjwa. Jumamosi uko na kitanda cha binti yako nyuma. Chipu inaona kitanda. Inafikiri nini?

Akapiga funda la kahawa.

— Inafikiri mgonjwa, akasema Kipara. Gari linakata kona lenyewe, spidi mpaka hospitali. Wauguzi wanatoka mbio. Friji linatundikiwa dripu. Kabati linalazwa wodini, na wewe unaambiwa uje saa za kutazama wagonjwa.

— Kabati la milango mitatu lazima liende wodi ya wazazi, akasema Shangazi. Mlango mmoja umevimba.

— Haujavimba, Shangazi. Ni mvua tu, akasema Gia Moja, naye akawa anacheka, mkono bado uko kwenye tairi.

Kwa Mfano hakucheka. Alikuwa na la mwisho, na la mwisho la mwalimu mstaafu huwa na vifungu.

— Kwa mfano, akasema, mimi hapa nina miaka sabini na miwili. Goti hili linajua, mgongo unajua. Aje mtu aninong'oneze sikioni, wewe mzee una miaka ishirini. Nikimwamini, nitauruka ukuta ule. Nawaambieni nitauruka. Kuruka si kazi. Nitatua na nini? Basi chipu kazi yake ndiyo hiyo. Inalinong'oneza gari umri wa uongo.

Kipara akajipapasa goti lake mwenyewe, maana hili lilikuwa linakaribia kuwa kweli.

— Hata mimi kahawa naweza kuikoleza, akasema Shangazi taratibu. Unywe upande kilima mbio. Lakini moyo wa kukupandisha ni ule ule uliokuja nao.

— Basi nifanye nini? akasema Gia Moja. Nikiweka, gari litakwenda hospitali. Nisipoweka, mkwe atavaa shati jingine jeupe. Ninyi mnacheka, sawa, chekeni. Mimi nitafika pale na mwanangu amekaa pembeni yangu.

Tukaona aibu kidogo, kila mtu na kikombe chake. Ilikuwa saa nne kasorobo. Tukapiga kura. Kipara akasema aweke, kwa sababu anataka kuliona friji wodini. Mimi nikasema asiweke. Kwa Mfano akasema aweke nusu. Tukamwambia nusu haipo, akasema basi apewe muda wa kufikiri. Shangazi akasema yeye hapigi kura na watu ambao hawajarudisha vikombe.

Hapo ndipo binti mwenyewe alipotokea, mkoba wa vifaa vya ushonaji begani, anatembea haraka kama watu wanaohama wiki hii.

— Shikamooni. Baba, yale mablanketi ya kufunikia kabati yako garini au nyumbani?

— Marahaba, mama. Yako garini. Subiri kwanza, tuko kwenye jambo.

— Jambo gani?

Akaelezwa. Alielezwa na watu wanne kwa mpigo, kwa hiyo alipata chipu, mwalimu wa jioni, gari la wagonjwa na goti la Kwa Mfano katika pumzi moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia baba yake.

— Kwani gari likiwa na kitanda tu, kilima halipandi?

— Kitanda tu? Linapanda vizuri. Hata kabati tu linapanda.

— Sasa kwa nini tusiende mara mbili?

Nilikuwa na sindano mkononi, ikabaki hewani. Kipara alifungua kinywa, akakitia kahawa kikawa na kazi ya kufanya. Kwa Mfano akasema "Kwa mfano," akaishia hapo hapo, mfano haukuja.

Mmoja baada ya mwingine tukautazama mlango wa pikapu, maana jibu la swali lake lilikuwa pale, kwa rangi nyekundu, na mwandishi ni mimi: MZIGO WOTE SAFARI MOJA. Nililiandika miaka minane iliyopita ili lilete wateja. Tumelisoma kila asubuhi mpaka likageuka sheria, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekumbuka kwamba sheria yenyewe tuliitunga hapa hapa kwenye benchi.

— Yale ni maneno ya wateja, akasema Gia Moja polepole, kama anajisomea.

— Mimi si mteja, akasema binti.

Simu ikaita. Ilikuwa yake, si ya gari. Kipara alichungulia chini ya boneti kuhakikisha. Gia Moja akasikiliza, akasema, "Hapana, fundi. Tumeshapata. Safari njema." Akakata, na kwa mara ya kwanza akakaa kwenye benchi kwa makalio yote mawili.

— Sawa, akasema. Raundi ya kwanza kitanda na friji.

— Na ya pili kabati na cherehani, akasema binti.

— Cherehani na kabati? Havipatani. Kabati likiegemea, cherehani itaumia, na cherehani ndiyo kazi yako. Cherehani iende peke yake. Jumapili.

— Baba, cherehani naweza kuipakata mapajani.

— Kile kilima si cha kupakata.

Binti akamtazama baba yake kwa muda, nikaona anataka kucheka na anajizuia.

— Na vyombo vya jikoni?

— Vyombo ni vya kuvunjika. Vyombo wiki ijayo, nitakuja navyo taratibu. Sahani siku yake, vikombe siku yake.

— Na mito je? Mito nayo inavunjika?

Shangazi alikuwa ameinamisha birika, likatoa tone moja, akalifunika. Hakuna aliyeinuka.

— Mito nitaileta Jumapili inayofuata, akasema Gia Moja. Foronya zake sijui ziko wapi. Hizo itabidi nizitafute, nije nazo Jumapili nyingine.