Fundi Gervas Aliyeoka Zeolaiti

Ifikapo tarehe 30 Juni 2003, Fundi Gervas Mughwai atastaafu akiwa ameitumikia hospitali yetu ya misheni hapa Mkiwa kwa miaka thelathini na miwili, na barua yake ya ajira bado inasema yeye ni mtunza pampu ya maji. Pampu yenyewe ilikufa mwaka 1979. Yeye akaendelea: jenereta, vitanda, kengele ya kanisa, na meno ya bandia ya padri mmoja ambaye hatutamtaja.

Soko huria lilipofungua milango, kila kitu kilikuja kwa mtumba, hata mashine ya oksijeni. Mashine hiyo ilivuta hewa hii hii tunayopumua na kuipitisha kwenye punje nyeupe ziitwazo zeolaiti. Punje hizo zina vitundu vidogo mno. Hunasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite kwa mgonjwa. Adui yao ni unyevu. Zikinywa maji hulewa, hazinasi kitu tena.

Februari 1998 mvua ilikata reli, mitungi ya oksijeni ikakwama njiani, na mashine nayo ikawasha taa nyekundu. Wodini alikuwamo Eliana, mtoto wa miezi kumi, amebanwa na nimonia. Alibakiwa na mtungi mmoja, ambao Dk. Anselm alikadiria ungeishia jioni.

Gervas akaifungua mashine, ingawa ilibandikwa karatasi ya kukataza. Alipokuta punje zimelewa unyevu, alifanya anachofanya Mnyaturu yeyote mtama wake ukinyeshewa: akazianika mkekani. Jua liliwaka, lakini hewa ilijaa maji, na punje zikazidi kuyanywa. Kuku wa Martina, mpishi wetu, nao wakadonoa kidogo. Martina anashikilia hadi leo kwamba tangu siku ile mayai yao hayapasuki kirahisi.

Saa sita mchana fundi akabeba zilizosalia hadi kwenye tanuri la jikoni.

"Humu naoka mkate, Fundi, sioki mawe," Martina akamwambia.

"Basi leo tutakula mkate mbichi, mama, lakini kuna mtu atapumua."

Mkate ulitolewa mbichi. Tuliula hivyo hivyo, na wengine hawajasamehe.

Baada ya saa tatu za moto mkali, alizipoza ndani ya kopo la maziwa lililozibwa kwa nta ya mshumaa, zisirudie ulevi. Kipimo cha oksijeni hatukuwa nacho. Akazirudisha kwenye mashine, akaitoa nje, mbali na wodi, akawasha kijiti cha udi alichopewa na Mama Vimla, mwenye duka Singida mjini, akauzima mwali na kukisogeza kwenye mpira wa mashine. Kaa likashika moto upya, ishara kwamba oksijeni inatoka. Dk. Anselm, ambaye hata Krismasi hacheki, alipiga makofi. Mshale wa mtungi ulikuwa umekaribia sifuri Eliana alipohamishiwa kwenye mashine.

Uongozi ulimpa Gervas onyo la maandishi kwa kufungua kilichokatazwa, na katika barua hiyo hiyo ukamwomba awafundishe wenzake.

Wiki iliyopita Eliana, sasa ana miaka sita, alikuja na mama yake kumleta mdogo wake kwenye chanjo. Alikimbia korido nzima akipiga kelele, chini kabisa ya kibao cha KIMYA. Muuguzi Yasinta aliinuka kumkaripia, Gervas akamzuia.

"Mwache, dada. Pumzi ni zake, azitumie."

Ahsante, Fundi. Tunakutakia afya, mavuno, na wajukuu wenye kelele.